Jinsi ya kupanga na kusoma barua za familia zilizotoka kizuizini

Barua iliyotoka gerezani imepitia mikono mitatu: ya aliyeandika, ya aliyeisubiri nyumbani, na ya askari aliyeisoma katikati. Watu wakikuta barua za babu kwenye sanduku huhangaikia mikono miwili ya kwanza na kuusahau wa tatu, ilhali ndio ulioamua nini kiandikwe na nini kifike.

Mwongozo huu ni wa mwenye sanduku kama hilo, hasa familia za Kenya zilizopitia Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, wakati wa vita vya Mau Mau. Mfano wangu mkuu utakuwa barua za Nelson Mandela. Nimezichagua kwa sababu masharti yaliyozibana yanajulikana vizuri na nyingi zimechapishwa, kwa hiyo unaweza kujifunzia kwake kabla ya kushika za kwenu.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kugusa

Fungua sanduku, piga picha ya juu, kisha ya kila furushi kama lilivyo. Mpangilio uliokuta ni ushahidi. Bibi aliyefunga barua sita kwa uzi mmoja na kuziacha nyingine zikielea alikuwa na sababu, na ukishazichanganya ili zifuate tarehe, sababu hiyo haitarudi. Mpangilio wa tarehe utaupata kwenye jedwali. Karatasi zenyewe ziache zilivyo.

Hatua ya 2: Usafi

Nawa mikono, ikaushe kabisa. Zile glavu nyeupe za kwenye televisheni ni maonyesho tu: zinakunyima hisia ya vidole na karatasi kavu inachanika. Ondoa pini, klipu na rababendi taratibu. Vumbi litoe kwa brashi laini, ukisukuma kutoka katikati kwenda ukingoni. Palipochanika paache, selotepu hugeuka manjano, gundi yake ikaingia ndani ya karatasi, na lamineti ni mbaya zaidi kwa sababu haitoki tena. Barua zenye ukungu zitenge na nyingine, mahali pakavu penye hewa, mbali na jua.

Sanduku la bati linazuia mchwa lakini linafungia unyevu ndani, jambo ambalo watu wa Mombasa na Lamu wanalijua vizuri. Liinue kutoka sakafuni, lisiguse ukuta, na ulifungue mara kwa mara. Ukipata mafaili ya karatasi isiyo na asidi, tumia hayo.

Hatua ya 3: Namba na picha za kudumu

Andika namba kwa penseli laini, nyuma, kwenye kona: 001, 002. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo. Bahasha ipewe namba ya barua yake pamoja na herufi, 001a. Usitupe bahasha hata kama ni tupu na imechakaa, kwa kuwa muhuri wa posta, anwani iliyokatwa na kuandikwa upya, na alama ya mkaguzi vyote viko huko.

Kama una skana, tumia nukta 400 kwa inchi au zaidi. Kama una simu pekee, kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, weka rula kando ya karatasi. Piga pande zote mbili, hata upande usio na maandishi. Kisha piga picha moja zaidi ukiwa umeweka taa chini ubavuni: mwanga wa pembeni huonyesha mikunjo, alama za kalamu iliyokandamizwa, na mahali palipofutwa. Tunza nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Hatua ya 4: Jua masharti ya gereza kabla ya kusoma

Hapa ndipo wengi huharakisha, nami ningependa ukae.

Mandela alifikishwa gereza la Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, Juni 1964 baada ya kuhukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa daraja la chini kabisa la wafungwa, aliruhusiwa kuandika barua moja na kupokea moja kila miezi sita, isiyozidi maneno 500, kwa jamaa wa karibu. Siasa na hali ya gereza havikuruhusiwa kutajwa. Ukiijua sheria hiyo, unaacha kushangaa kwa nini barua haisalimii ukoo mzima au kwa nini inazungumzia ada za shule pekee. Mtu mwenye maneno 500 kwa nusu mwaka huchagua.

Barua zilizoingia nazo zilikatwa. Mwanzoni wakaguzi walifuta kwa wino. Wafungwa wakagundua kwamba wino ule unaosheka na maneno yakaonekana chini yake. Wakaguzi wakahamia kwenye wembe: walikata aya nzima, na kwa kuwa barua nyingi ziliandikwa pande zote mbili, maneno ya upande wa pili yakaenda pia, hata kama hayakuwa na kosa lolote. Kwa hiyo ukikuta tundu lenye kingo nyoofu kwenye karatasi, usidhani ni mende. Lipime, kadiria mistari iliyopotea, na uandike kwa kila upande peke yake, kwa sababu upande mmoja ndio uliolengwa na mwingine umeponzwa.

Kwa barua za Kenya, jiulize mwandishi alikuwa kambi gani siku hiyo: Manyani, Mackinnon Road, Mageta, Manda, Hola. Wafungwa walihamishwa hamishwa, na anwani ya bahasha huonyesha safari hiyo kuliko kumbukumbu za watu. Anwani ya nyumbani pia ilihama. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu zaidi ya milioni moja wa Mlima Kenya na maeneo jirani kuingia vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na ulinzi. Barua ya mke iliyochelewa miezi minne huenda iliandikwa na mtu ambaye hata nyumba yake haikuwepo tena.

Hatua ya 5: Jedwali lenye tarehe zaidi ya moja

Tengeneza jedwali kwenye kompyuta. Safu zangu ni hizi: namba, tarehe ya kuandikwa, tarehe ya posta, tarehe ya kupokelewa, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, mahali, lugha, makato, tukio linalotajwa. Usiunganishe tarehe ziwe safu moja.

Ona kwa nini. Thembi, mwana mkubwa wa Mandela, alikufa kwa ajali ya gari 13 Julai 1969. Telegramu ya wakili ilimfikia mkuu wa gereza tarehe 16, na siku hiyohiyo Mandela akamwandikia Evelyn, mama yake Thembi, mke waliyekwisha kuachana, akinakili maneno ya telegramu ndani ya barua. Aliomba kwenda kuzika, akanyimwa. Winnie, mke wake wa wakati huo, naye alikuwa amekamatwa 12 Mei, na 23 Juni Mandela alikuwa amewaandikia binti zao Zeni na Zindzi kwamba sasa mama na baba wote wako jela. Ukiweka safu moja ya tarehe, huzuni hizo mbili zinaonekana kama habari zilizopangana vizuri. Ukiziweka kando kwa kando, unaona baba anayemlilia mwanawe gerezani huku mkewe naye yuko gerezani.

Hatua ya 6: Nakili neno kwa neno

Usisahihishe tahajia. Babu akiandika "nimzima", nawe andika "nimzima". Pasiposomeka weka mabano ya mraba: [halisomeki], [imekatwa, kama mistari 4]. Lugha ikibadilika katikati ya sentensi, acha ibadilike.

Tengeneza pia orodha ya majina. Mandela alimwita Winnie Dadewethu au Mhlope, na mwenyewe akatia sahihi Madiba au Tata. Kwenu kutakuwa na "mama wa fulani", majina ya rika, na majina ya kujificha. Waulize wazee mapema, mmoja mmoja. Wakikaa pamoja wanakubaliana haraka mno.

Hatua ya 7: Tafuta upande wa serikali

Barua ambayo haikufika huenda ipo. Mandela alinakili barua zake kwenye madaftari ya jalada gumu. Mawili yalichukuliwa na maafisa, yakarudishwa kwake 2004 na Donald Card, aliyekuwa polisi wa usalama. Faili lake la gereza nalo limebaki na barua ambazo hazikutumwa.

Kwa Kenya, anzia Kumbukumbu za Taifa, barabara ya Moi, Nairobi. Kisha tazama mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, ambayo serikali ya huko ilikiri kuwa nayo mwaka 2011 na sasa yanasomeka kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, Kew, London. Tafuta kwa jina la kambi na tarehe kuliko jina la babu, maana tahajia za karani wa kizungu hazitabiriki.

Hatua ya 8: Ruhusa

Karatasi ni mali ya aliyeandikiwa. Maneno ni haki ya aliyeandika, na akifa ni ya warithi wake. Kenya na Tanzania Bara haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo. Kwa hiyo kumiliki sanduku hakukupi ruhusa ya kuchapisha.

Na kuna majirani. Barua za kizuizini hutaja nani alimchongea nani, na watoto wa huyo bado wanaishi ng'ambo ya mto. Mimi huziweka kando kwa orodha tofauti, hazipigwi wino, hazitolewi, ila hazifunguliwi kwa umma kwa muda mtakaokubaliana.

Mkiamua kuzikabidhi kwa maktaba au kumbukumbu, mwandikiane: nani anaweza kusoma, kuanzia lini, na nakala za picha zibaki kwa nani. Siku ya kukabidhi omba risiti yenye namba zenu za penseli, moja baada ya nyingine, bahasha zikihesabiwa peke yake.