Somo: kuanza vidonge vya metformini bila kuteswa na tumbo

Wengi huacha metformini, dawa ya kisukari, wiki za mwanzo kwa sababu ya kichefuchefu na kuharisha, kisha sukari inapanda. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi tatizo ni namna ilivyoanzwa.

Hatua ya 1: Pimwa figo kabla ya kuanza. Dawa hii hutoka mwilini kupitia figo. Zikiwa dhaifu sana, hurundikana. Taja dawa zote unazotumia, hata za mitishamba.

Hatua ya 2: Anza kidogo. Kwa kawaida daktari huanzisha miligramu 500 mara moja au mbili kwa siku, kisha huongeza taratibu. Usijiongezee kwa haraka ya kuona sukari imeshuka. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na hilo huchukua muda.

Hatua ya 3: Meza pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, kamwe si tumbo tupu. Likizidi kusumbua, muulize daktari kuhusu kidonge kinachoyeyuka polepole. Hicho humezwa kizima. Hakitafunwi wala hakisagwi.

Hatua ya 4: Baada ya miezi 3 hivi, pima HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita.

Maswali ya wanachama

Nimesahau kidonge cha asubuhi. Nimeze viwili jioni?
Hapana. Meza kile cha jioni tu.

Natumia pamoja na glibenklamaidi, dawa nyingine ya kisukari. Juzi nilitetemeka, jasho likanitoka. Ni metformini?
Pole sana. Hizo huwa dalili za sukari kushuka mno. Wa kushukiwa kwanza ni glibenklamaidi, maana huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama hujala. Ikikutokea tena, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 kwa mashine inayosoma milimoli (au 70 kwa inayosoma miligramu), kunywa maji yenye vijiko vidogo 3 vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha ule. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Na tukio la juzi mweleze daktari leo, usingoje kliniki.

Nikiugua, natapika na kuharisha, niendelee?
Mpigie daktari mapema. Mwili ukikaukiwa maji figo huelemewa, na mara nyingi metformini husimamishwa mpaka uanze kula na kunywa vizuri.

Nimeitumia miaka mingi, sasa miguu ina ganzi.
Sukari yenyewe huweza kuharibu neva, lakini metformini ya muda mrefu nayo hupunguza vitamini B12 kwa baadhi ya watu. Omba ipimwe, ikiwa imepungua, inatibika.