Somo: Kutoa bolti iliyokatikia ndani ya chesisi

Malori yanayobeba chumvi kutoka Ziwa Katwe huja kwangu hapa Kasese na ugonjwa mmoja. Bolti za chini zimeshikana na chesisi utadhani zilizaliwa pamoja. Maji ya chumvi hudondoka kutoka kwenye mzigo, hupenya kwenye nyuzi, na kutu hujaa humo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana bolti hubanwa hata kama aliyeifunga hakuikaza sana. Magari ya mtumba kutoka Japani huja na ugonjwa huohuo bila kuijua Katwe, hasa yaliyotembea kaskazini mwa nchi ile, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji.

Somo la leo ni la bolti ambayo kichwa kimebaki kwenye spana na mkia umebaki ndani. Nachukua mfano wa bolti ya M10, yaani yenye unene wa milimita 10, inayoshika bano la stebilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala upande kwenye kona, chini ya pikapu. Inaingia kwenye nati iliyochomelewa ndani ya chesisi, mahali ambapo mkono haufiki. Ukiiweza hiyo, nyingine zote utaziweza.

Soma kwanza pale ilipokatika

Piga brashi ya waya, futa, mulika kwa tochi. Uso wa bolti utakuambia ilikufaje. Ukiwa laini, una miduara kama ya gogo lililokatwa, na sehemu ndogo tu ndiyo yenye mikwaruzo, jua bolti ililegea ikacheza njiani siku nyingi mpaka ikachoka. Kipande cha namna hiyo mara nyingi hakijashika. Mimi nimewahi kukizungusha kwa ncha ya tindo na nyundo ndogo, kikatoka kwa dakika mbili.

Lakini uso ukiwa umesokotwa, shingo imekonda, chuma kinang'aa upya, hiyo imekatikia mkononi mwako kwa sababu ndani imekamatwa na kutu. Hiyo ndiyo ya kazi yote inayofuata. Makanika wengi hawatazami, wanakimbilia drili, na wanatoboa kitu ambacho kingetoka kwa vidole.

Gari na moto

Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yawekewe vizuizi. Kama utachomelea, ondoa waya wa hasi wa betri. Angalia jirani wa tundu lako ni nani: bomba la breki, waya, au tangi la mafuta. Vinavyosogezeka visogeze, vingine vifunike kwa karatasi ya bati. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono wako, usiwe ofisini.

Usioshe kwa petroli mahali utakapowasha moto. Dawa ya kopo ya kusafishia breki nayo ni hatari: baadhi zina klorini, na mvuke wake ukikutana na joto kali hutoa fosjini, gesi ya sumu inayoharibu mapafu. Ukiwa umeitumia, acha pakauke kabisa, fungua milango, ndipo uchomelee.

Dawa ya kutu

Mimi huchanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Hujitenga zikikaa, kwa hiyo tikisa kila unapotia, na kumbuka asetoni hushika moto upesi. Dizeli nayo hufanya kazi ila polepole, itie jioni ufanye kazi asubuhi.

Jambo kubwa ni unatia wapi. Mkia wa bolti hupita nati na kutokeza ndani ya chesisi, na nyuzi zile zilizo wazi ndizo zilizovimba kwa kutu. Ukitia dawa upande wa nje tu, huko nyuma bado kumefungwa. Chesisi nyingi zina matundu ubavuni. Chukua bomba la sindano, lifunge mpira mwembamba, pitisha tunduni, mwagia nati kutoka nyuma. Halafu gonga kipande kwa panchi, vipigo vidogo vingi, dakika tano. Mtikisiko huifungulia dawa njia. Rudia kila baada ya saa kadhaa.

Kama kipande kimetokeza nje

Kikitokeza milimita tano au zaidi, kikamate kwa vaisi gripu, ile koleo inayojifunga, au kisugue kwa tupa pande mbili kikae spana. Anza kwa kukaza kidogo, kisha fungua kidogo, nenda na kurudi. Ukisikia kinalia bila kusogea, simama, ongeza dawa. Ukilazimisha hapo utakikata tena, na safari hii kitakatikia ndani zaidi.

Kuchomelea nati

Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, hata kipande kikiwa sawa na uso wa chesisi. Mzee aliyenifundisha alitoka karakana za Kilembe, enzi shaba ikichimbwa, na yeye hakugusa drili kabla ya kujaribu nati.

Safisha uso wa kipande uone chuma cheupe. Weka washa, kile kipete bapa cha bolti, ambayo tundu lake ni dogo kidogo kuliko bolti, ikae katikati. Chomelea ndani ya tundu la washa, ukianzia katikati ya kipande na kupanda juu, usiguse chesisi. Rodi ya milimita 2.5 inatosha, iwe kavu. Kisha weka nati juu ya washa, ijaze kwa ndani na uzungushe kidogo kwa nje. Kibano cha ethi, kile cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine, kiweke kwenye chesisi karibu kabisa na kazi. Ukikiweka mbali, umeme utatafuta njia kupitia beringi na kuziharibu.

Sasa subiri. Usivute ikiwa nyekundu, chuma kikiwa hivyo ni laini na kitanyongeka. Wekundu ukiisha na joto bado lipo, gusisha mshumaa pembezoni mwa kipande. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi. Shika spana, kaza kidogo, fungua kidogo.

Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Mara tatu, mara tano, si ajabu. Kila joto hutanua na kupoa hukunja, na kutu hupasuka, kwa hiyo hata nati iliyobanduka imekufanyia kazi. Wengi huacha baada ya ya pili, na hapo ndipo wanapokosea.

Drili

Kama hakuna mashine ya kuchomelea, au tangi liko karibu mno, ndipo utoboe. Sawazisha kwanza uso kwa tupa, kisha piga alama ya panchi katikati kabisa. Pima pande nne. Bolti ni ngumu kuliko nati inayoizunguka, na biti ikianza pembeni hukimbilia palipo laini, ikala nyuzi za nati huku kipande kimekaa kilevile.

Anza na biti ya milimita 3, kisha 5, kisha 7. Drili izunguke polepole, mkono usukume kwa uzito, oili idondoke kila mara. Chuma kinachotoka kiwe kimejikunja kama maranda ya mbao. Ukiona vumbi na kusikia mlio mkali, biti imeungua, iondoe kabla haijaugeuza uso kuwa kioo. Ukipata biti za kushoto, zinazokata drili ikizunguka kinyume, zinunue. Mara nyingi huuma kipande na kukitoa chenyewe katikati ya kazi.

Kisipotoka, panua tundu hadi ibaki ngozi ya nyuzi tu. Hapa pima vizuri. Bolti nyingi za M10 kwenye Toyota zina umbali wa milimita 1.25 toka uzi hadi uzi, na tundu lake la tapu, kile kifaa cha kuchonga nyuzi, ni milimita 8.8. Bolti ya M10 ya kawaida ya dukani ni 1.5, tundu lake 8.5. Ukichanganya utaharibu nati nzima kwa mikono yako. Chukua bolti nzima ya upande wa pili wa gari, ijaribu kwa nati unayoijua. Ngozi iliyobaki ing'oe kwa tindo nyembamba, kisha pitisha tapu kwa oili, nusu mzunguko mbele, robo nyuma.

Ekstrakta, ile ya kuzamisha tunduni na kuzungusha kinyume, siipendi kwa bolti iliyoshikwa na kutu. Ni chuma kigumu sana lakini hukatika kama kioo. Niliivunja moja ndani ya chesisi ya mteja miaka yangu ya mwanzo. Biti ya kawaida haikuikwaruza, nikamaliza siku mbili nikiisaga, na mteja alikuwa na mzigo wa samaki wa kupeleka. Fikiria: bolti nzima imekushinda, itawezwaje na kifaa chembamba kuliko yenyewe? Itumie tu pale uso wa bolti ulipokuonyesha kwamba haikushika.

Kurudisha

Nunua bolti mpya yenye namba ileile ya nguvu kichwani, 8.8 kwa 8.8, 10.9 kwa 10.9. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi, na kwa kuwa grisi hupunguza msuguano, usikaze kwa nguvu zote za siku zote. Paka rangi pale ulipochoma.

Maswali ya wanachama

*Dereva, Malaba: Fundi, yangu haikukatika vizuri. Nikizungusha, nati ya ndani inazunguka nayo. Nifanyeje?*

Ndugu, nati imeachia chesisi. Toboa matundu mawili ya milimita 5 kwenye bamba, pembeni mwa tundu la bolti, mahali ambapo nati imekaa nyuma yake. Vuta bolti nje kwa mtaimbo ili nati ibane kwenye bamba, kisha chomelea kupitia matundu hayo mpaka ishike. Kama kuna tundu la ubavuni karibu, pitisha spana ndefu uishike, huhitaji kutoboa. Usikate dirisha juu wala chini ya chesisi, huko ndiko mzigo unakovuta na kusukuma zaidi.

*Mwanachama, Arua: Naweza kupasha chesisi ya trela kwa gesi mpaka iwe nyekundu?*

Hapana. Chesisi za baadhi ya malori makubwa zimetiwa ugumu kiwandani kwa joto, na ukizipasha hivyo unazilainisha pale pale. Tafuta kibandiko ubavuni, mara nyingi kinakataza kuchomelea na kutoboa. Joto liende kwenye kipande tu. Tena malori hayo bolti zake nyingi zinapita moja kwa moja na nati iko nyuma: kata nati kwa grenda, sukuma bolti kwa panchi, imeisha.

*Kijana anayejifunza, Jinja: Karakana yetu umeme unakatika kila mara na jenereta hatuna. Kuna njia ya mkono?*

Mdogo wangu, ipo, inataka siku. Tia dawa siku tatu, asubuhi na jioni, kutoka nyuma. Kisha chora mfereji kwa tindo kali karibu na ukingo wa kipande, elekeza ncha kwa mshazari upande wa kufungulia, gonga. Kikisogea hata unywele, kirudishe, tia dawa, gonga tena. Vaa miwani, vipande vya tindo huruka machoni. Na kichwa cha tindo kikishakuwa kama uyoga, kisage kwanza.

*Mama mwenye taksi, Mbarara: Fundi wangu anasema bolti isumbue ya nini, achomelee bano moja kwa moja kwenye chesisi. Nimkubalie?*

Mama, usikubali. Bushi ya stebilaiza ni mpira, itakwisha, na siku hiyo itabidi bano likatwe kwa grenda, chesisi ikonde. Tena akichomelea bushi ikiwa ndani, joto litaiunguza leo leo. Mwambie achomelee nati kwenye kile kipande, awe tayari kurudia mara tano, na umlipe kwa siku nzima. Akisema hana muda, gari linaweza kufika kwa fundi mwingine bila stebilaiza, ila funga vizuri kila kinachoning'inia, usibebe abiria, na kona uzipite taratibu sana.