Kabla hujakata tiketi ya Mwanza–Guangzhou

Kwa njia ya anga, Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 850, na Dar hadi Guangzhou, kule China, ni karibu 8,700. Ndege kubwa hukata kilomita 850 hadi 900 kwa saa, basi watu wanapiga hesabu chapuchapu: saa moja na nusu, kisha kumi na moja hivi, tumefika. Hizo ni saa za kuwa hewani tu. Kutoka mlangoni kwako Nyakato mpaka hotelini kule, tenga siku nzima na zaidi.

Pasi iwe imebakiza angalau miezi sita. Viza uwe nayo mkononi. Kadi ya homa ya manjano usiiache kabatini.

Saa zisome vizuri. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5: ukiruka Dar saa 4 asubuhi, unatua huko kwenye saa 8 usiku, tarehe imeshageuka. Na tiketi ikisema 01:30 tarehe 12, yaani saa 7 na nusu usiku, uwanjani unafika jioni ya tarehe 11.

Sasa nisikilize hapa. Usikate tiketi mbili mbalimbali za siku moja. Kuna mama mmoja wa vitenge pale Makoroboi nilimsindikiza uwanjani. Ya Dar alikata kwa kampuni moja, ya China kwa nyingine, kwa sababu ilikuwa nafuu, na katikati aliacha saa nne. Ilikuwa masika, na wakati huo mvua za ziwani hupenda kushuka alfajiri. Tuliisikia ndege ya kumchukua ikinguruma juu ya mawingu, ikazunguka, ikazunguka tena, kisha mlio ukapotelea mbali. Imerudi Dar. Mama wa watu akakaa kwenye kiti, anafungua fundo la khanga na kulifunga, mpaka mchana. Alipofika Dar ilibidi asubiri begi lake Jengo la Pili, akimbilie Jengo la Tatu, akakuta kaunta imefungwa. Ikahesabiwa kwamba hakutokea, tiketi ikafa. Kampuni ya kwanza ikamwambia wao walimuuzia safari ya Dar tu, na Dar wamemfikisha. Tiketi mpya aliinunua kwa hela ya mzigo.

Kata tiketi moja mpaka mwisho, hata ikizidi bei. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu yao kukutafutia nyingine. Ukishindwa, ondoka Mwanza jana yake, ulale Dar. Kwa masika usibishane na hilo.

Unayetoka Ukerewe, vuka mapema ulale mjini. Chaji simu, namba ya wakala iandike na kwenye karatasi, dawa zikae kwenye begi la mkononi, na usikubali kubebeshwa kifurushi cha mtu, hata awe jirani.