Somo: Kisanduku cha njiani kisichomaliza betri kikingoja gari ya Wete

Assalaam alaykum. Mmeniuliza sana kuhusu kisanduku kile kinachopokea mawimbi kutoka kwenye gari za abiria. Ukibonyeza kitufe, kinakwambia gari ya mwisho imepita saa ngapi, usije ukasimama hadi Magharibi kungoja iliyokwishapita. Cha kwanza nilikifunga wakati wa masika, njia ya Chake–Wete, hapa Pemba. Siku ya nne, kimya. Kufungua, mjusi kafiri kajikunja juu ya betri. Nilimlaumu bure, betri ilikuwa imekwisha tu.

Hatua ya 1: Pima. Mita yangu ilisoma nusu wati muda wote, hata barabara ikiwa tupu. Redio iliyo macho inakula umeme hata kama hakuna anayesema nayo. Kwa saa 24 ni wati-saa 12. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, ina wati-saa 84, na si vyema kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo una 42. Jua likikosekana, ni siku tatu na nusu.

Hatua ya 2: Usikimbilie kuongeza nguvu ya kurusha mawimbi kwenye gari ili yafike mbali. Hata uwandani, umbali ukiwa maradufu unataka nguvu mara nne. Kwenye mikarafuu iliyorowa ndiyo usiseme. Inua antena.

Hatua ya 3: Hesabu usingizi. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kisanduku changu kinashika mita 100 kila upande. Gari ya kilomita 50 kwa saa inakwenda karibu mita 14 kwa sekunde, kwa hiyo inakaa humo sekunde 14 hivi. Kisanduku kikilala (yaani redio yake izimwe) sekunde 4 na kuamka 1, itakikuta macho angalau mara mbili. Matumizi yanashuka hadi karibu moja ya tano, na betri ileile inavuka wiki mbili. Kazi ya kupiga kelele, yaani kurusha mawimbi, iachie gari, kila nusu sekunde. Yenyewe ina injini ya kuichajia betri yake.

Masuali

Wa Konde: Maalim, kwa nini kisilale sekunde 12 kabisa?

Jibu: Kwa gari ya 50 ungebahatisha. Lakini madereva wetu unawajua, wakiona barabara nyeupe wanafika 80. Hapo gari inamaliza mita zile 200 kwa sekunde 9, nawe umelala. Kwa 4 na 1 bado unainasa.

Wa Mkoani: Na tukitaka kitoe onyo la ajali kwenye kona?

Jibu: Hapo usingizi haramu, ndugu yangu. Katika sekunde 4 gari ya 50 imeshakwenda mita 56. Mifumo ya usalama, kama inayotumia redio za 802.11p (Wi-Fi ya magari) kwenye gigahezi 5.9, hutangaza mahali gari ilipo hadi mara 10 kwa sekunde. Abiria hadhuriki akijua kwa kuchelewa sekunde 4, aliye kwenye kona anadhurika. Hicho kipe sola kubwa, au umeme wa nguzo.

Wa Konde: Na mjusi?

Jibu: Nilimtoa, akarudi. Mara ya pili nikaziba tundu la waya kwa silikoni.