Kabla neutrofili hazijashuka: maandalizi ya mgonjwa wa lukemia

Bakteria wengi wanaomwangusha mgonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, hawatoki mbali. Bakteria aitwaye E. coli aliyekaa tumboni mwake miaka mingi bila madhara anaweza kuonekana kwenye damu wiki moja au mbili baada ya dawa za saratani, neutrofili (seli nyeupe za damu zinazopambana na bakteria) zikiwa chini ya 500 kwa kila mikrolita na utumbo umechubuka ndani.

Bakteria huyo anaweza kuwa na jeni za ukali, zinazomsaidia kumdhuru mtu. fimH humsaidia kung'ang'ania seli, hlyA hutengeneza sumu ya kuzitoboa, na iutA humwezesha kujichotea madini ya chuma. Watu huzichanganya na jeni za usugu, zinazomkinga na antibiotiki, nazo ni kitu kingine: bakteria mkali anaweza kufa kwa antibiotiki ya kawaida, na mpole akawa sugu. Lakini mwili usio na neutrofili hata mpole huweza kuuua, kwa hiyo usingoje kujua ni yupi aliyeingia.

La kwanza ni kipimajoto, kiwepo nyumbani kabla ya dawa kuanza. Nyuzi 38.3 mara moja, au 38.0 zikidumu saa nzima, ni dharura hata kama mgonjwa anaongea vizuri. Asimeze parasetamoli kabla ya kupima na kupiga simu, maana joto litashuka huku maambukizi yakiendelea. Wala joto lisipimwe njia ya haja kubwa. Mchubuko mdogo pale ni mlango.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni usiku. Ulizeni mapema simu ya nani hupokelewa saa nane za usiku na usafiri utatoka wapi, kwa sababu antibiotiki inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa moja baada ya kufika hospitali. Damu ya kuotesha bakteria maabara hutolewa kwanza, ila isicheleweshe dawa. Andikeni kwenye karatasi tarehe ya dozi ya mwisho, dawa zinazomdhuru, na kama vipimo vya nyuma viliwahi kuonyesha bakteria sugu. Daktari wa zamu hamjui mgonjwa wenu.

Meno yakaguliwe kabla ya tiba. Mikono inaoshwa, hilo mnalijua.

Kama ana mpira wa kupitishia dawa kwenye mshipa mkubwa, utazameni kila siku, na msisubiri usaha: bila neutrofili hautungi. Maumivu yanatosha. Akianza kutetemeka muda mfupi baada ya mpira kusafishwa, nesi aambiwe hapo hapo.