Kabla hujaita vijana wa nyundo, kagua kwanza hiyo nyumba

Ukishanunua nyumba ya zamani Magomeni au Ilala akili yote inahamia kwenye ramani ya ghorofa, kubomoa unaona kazi ya vijana wa nyundo na sururu tu. Ngoja kwanza. Kibali cha halmashauri kikiwa njiani, zunguka nyumba nzima na simu upige picha, na muombe mzee au bibi jirani aliyekaa hapo miaka mingi mtembee wote maana hati haiongei mambo ya uani.

Muulize choo cha zamani kilikuwa wapi. Mitaa yetu hii shimo likijaa wanafunika zege, wanachimba lingine pembeni, miaka inapita juu pameota mchicha, siku kijiko, lile katapila la kuchimba, kikikanyaga hapo kinazama. Gonga chini na mtaimbo, pakilia wazi weka alama. Na mtu asiingie shimoni hata kuchungulia, hewa ya mle inaua na anayeshuka kumuokoa mwenzie anafia hapohapo.

Umeme sasa. Kuzima meini swichi haitoshi, waya unaotoka nguzoni mpaka kwenye mita ya LUKU bado una moto, huo wanakata TANESCO wenyewe kwa hiyo peleka maombi mapema. Hata wakishakata pita na testa kila chumba, uswahilini sio ajabu banda la uani linavuta umeme kwa jirani kupitia ukutani. Maji DAWASA wafunge, basi.

Kwenye paa ndo usiwe na haraka kabisa. Bati la kawaida halina neno, ila ukikuta zile za kijivu, nzito, zenye mawimbi na zinafanana na saruji, chukulia ni asbesto mpaka ipimwe. Vumbi lake likikaa mapafuni linaleta kansa, na inaweza kutokea miaka 20 au 40 baadae wakati hata hukumbuki hiyo nyumba. Zisipigwe nyundo, zisikatwe, na fundi asikanyage juu maana zinavunjika ghafla. Waulize NEMC, wale wa mazingira, utaratibu, kwa kawaida zinalowanishwa, zinashushwa nzima nzima na kufungwa nailoni nzito. Na usimgawie mtu akaezekee banda la kuku jamani.

Kama mmebanana na jirani, chungulia darini uone kenchi zimelalia ukuta wa nani. Piga picha nyufa zake zote yeye mwenyewe akiwepo, mjumbe pia akiwepo ni bora, maana ukishabomoa kila ufa utaambiwa ni wako.

Milango ya mninga, mbao za kenchi na grili hesabu mapema, patana na fundi nani anachukua nini, wengine wanashusha bei ya kazi wakiachiwa chakavu.

Asubuhi ya kazi pita tena vyumba vyote hadi stoo, nyumba ikikaa tupu wiki mbili tu kuna mtu anakuja kulala humo.