Bolti na nati za asili za Land Rover Series: jinsi ya kuzitambua na kuzipata

Nati ya M10 (ya bolti ya milimita 10) yenye hatua, yaani nafasi kati ya uzi na uzi, ya milimita 1.25, ile iliyojaa kwenye magari ya Kijapani, inaingia kwenye bolti ya zamani ya Kiingereza ya inchi 3/8 BSF bila ubishi. Bolti hiyo ina nyuzi 20 kwa inchi, sawa na hatua ya milimita 1.27, lakini unene wake ni milimita 9.5 tu. Nyuzi zinagusana kwa ncha. Ukikaza unahisi imeshika. Mtikisiko wa barabara mbovu ukianza, nyuzi zinaliwa. Ndiyo maana kazi hii inaanza na kutambua nyuzi. Saizi inafuata baadaye.

1. Anza na umri wa gari

Series I (1948 hadi 1958) ni BSF karibu kote, yaani nyuzi za Kiingereza zilizobanana. Palipo na aluminiamu utakuta BSW, zenye nyuzi pana, kwa sababu nyuzi pana hushika vizuri zaidi kwenye metali laini. Vifaa vya umeme na mita vina skrubu ndogo za BA, aina nyingine ya nyuzi za Kiingereza. Series II na IIA (1958 hadi 1971) ni mchanganyiko: UNF (nyuzi zilizobanana) na UNC (nyuzi pana) za mfumo mpya wa inchi zinaingia, BSF haijatoka. Series III (1971 hadi 1985) ni UNF na UNC kwa wingi, lakini sehemu zilizorithiwa, hasa giaboksi, bado zina nyuzi za zamani, na milimita zinaanza kuchungulia.

Hayo ni makisio tu. Gari lililozunguka gereji kwa miaka 50 limeshabadilishwa ekseli, injini na hata matundu yake yametobolewa upya.

2. Fungua, funga kwenye mfuko, andika

Kila sehemu mfuko wake: "bawaba ya juu, mlango wa kushoto, bolti 4, washa 4". Hata bolti iliyooza isitupwe mpaka mbadala wake umefungwa na kukaa. Andika pia ilikuwa na shingo laini au nyuzi mpaka kichwani. Kwenye shekeli, vyuma vinavyoning'iniza springi kwenye chasisi, shingo laini ndiyo inayobeba uzito. Ukiweka ya nyuzi tupu, nyuzi zinasaga bushi.

3. Pima

Unahitaji kalipa (ya kupimia unene) na geji ya nyuzi yenye meno ya nyuzi 55 (BSF, BSW) na ya nyuzi 60 (UNF, UNC). Hizo ni nyuzi za pembe. Idadi ya nyuzi kwa inchi, kwa kila unene wa bolti kwa inchi, ni hii:

1/4: BSF 26, UNF 28, BSW na UNC 20
5/16: BSF 22, UNF 24, BSW na UNC 18
3/8: BSF 20, UNF 24, BSW na UNC 16
7/16: BSF 18, UNF 20, BSW na UNC 14
1/2: BSF 16, UNF 20, BSW 12, UNC 13

Huna geji? Chukua bolti unayoijua kwa hakika, ilaze ubavu kwa ubavu na ile usiyoijua, nyuzi ndani ya nyuzi, kisha tazama dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya, si ndugu. Kuhesabu kwa rula kunadanganya: kwenye 5/16, nusu inchi ina nyuzi 11 au 12, na jicho linakosea moja kirahisi.

Kuwa macho na stadi, bolti zisizo na kichwa. Upande unaoingia kwenye aluminiamu unaweza kuwa BSW na upande wa nati BSF. Ukiigeuza unaharibu tundu.

4. Soma kichwa

Viduara vitatu vilivyoshikana, au kishimo cha duara katikati ya kichwa, ni dalili ya UNF au UNC ya Kiingereza. Herufi R, S au T ni daraja la nguvu, T ikiwa juu ya R. Majina kama GKN, BEES au NEWALL ni ya watengenezaji. Mwenye kutaka gari lionekane kama lilivyotoka kiwandani atayatafuta haya hasa.

Spana nayo inasema. Kichwa cha 5/16 BSF kina milimita 13.3: spana ya 13 haiingii, ya 14 inacheza na kula kona. Cha 5/16 UNF ni nusu inchi kamili.

5. Tafsiri namba ya spea

Namba za baadaye zinasomeka. BH605101: BH ni bolti yenye shingo, 6 ni UNF, 05 ni sehemu za 16 za inchi (5/16), 10 ni urefu kwa sehemu za 8, yaani inchi 1 na robo. SH ni ya nyuzi mpaka kichwani. Tarakimu ya kwanza ikiwa 5 ni UNC. Ikiwa 1 ni milimita, kama SH108201, ambayo ni M8 ya urefu wa 20.

6. Tafuta

Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, nenda na sampuli mkononi na nati yake. Ukiagiza Uingereza, taja unene, aina ya nyuzi, urefu kuanzia chini ya kichwa, na daraja. Agiza nati pamoja na bolti, na ongeza chache za ziada.

Jaribu kila moja kwa vidole: iende mpaka mwisho. Ikigoma baada ya mizunguko mitatu, rudisha. Usiilazimishe kwa spana.

7. Rangi na usafi

Kijivu kilichofifia cha bolti za zamani mara nyingi ni kadimiamu, metali iliyopakwa kuzuia kutu, na ni sumu. Usiipige msasa mkavu, usiichome, usiiloweke kwenye siki. Tumia mafuta ya taa, brashi na glavu. Mpya zichovye zinki nyeupe. Ya njano inapiga kelele. Bolti za stenlesi zinavutia, ila zikigusana na bodi ya aluminiamu kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Nati za magurudumu zikague peke yake. Za zamani ni 9/16 BSF, za Series III za mwisho ni M16, na ekseli za gari moja zinaweza kutofautiana. Nati ya M16 inateleza juu ya stadi ya 9/16 bila kushika hata uzi mmoja.